Mzee Godfrey na Unyoya Mweupe

Jioni ya tarehe 20 Novemba 1969, jamaa nyingi za Uingereza zilikaa mbele ya televisheni zao zikingoja kucheka. Mchezo uliokuwa ukiletwa ni Dad's Army, yaani Jeshi la Akina Baba, wenye kusimulia habari za wanaume wa mji mmoja mdogo wa pwani waliojiunga na mgambo mwaka 1940 ili Wajerumani wasivuke bahari. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja mwenye sauti nyororo na tabasamu la haya, askari wa kawaida Charles Godfrey, ambaye mara nyingi kazi yake haikuzidi kusinzia, kuulizia afya ya wenzake, na kumwomba kamanda ruhusa ya kwenda haja gwaride likiwa limepamba moto.

Jioni ile, hata hivyo, mzee Godfrey alimpelekea kamanda wake, Kapteni Mainwaring, barua ya kujiuzulu. Alipobanwa atoe sababu, alieleza kwamba panya aliingia jikoni kwake naye akashindwa kumwua. Na mtu asiyeweza kuua panya atawezaje kumwua binadamu? Likafuata jambo zito zaidi. Hata katika vita vya 1914 hadi 1918 yeye hakupigana, kwa kuwa dhamiri yake ilimkataza.

Watazamaji waliokuwa wamejiandaa kucheka walishuhudia wenzake wakimpa kisogo. Kapteni hakutaka tena kumtazama usoni. Kidogo kidogo yule mzee aliyependwa na wote akageuzwa kuwa mtu wa kunong'onwa. Katika zoezi moja kibanda kikajaa moshi, kapteni akazidiwa humo ndani, na aliyejitosa kumvuta nje akawa Godfrey, aliyeangushwa kitandani na moshi huo baadaye. Wenzake walipokwenda kumjulia hali, waliona ukutani picha ya kijana aliyevaa nishani ya kijeshi ya ushujaa. Dada yake akawatolea siri: kaka yake alikataa kuua, lakini hakukataa kwenda vitani. Alikuwa mchukuzi wa machela katika vita vya Somme, akaingia mbele ya risasi za adui mara kwa mara na kuwatoa majeruhi.

Basi hiyo ni hadithi iliyotungwa. Mwigizaji aliyelala katika kile kitanda cha mchezo, Bwana Arnold Ridley, alikuwa na umri wa miaka 73. Yeye Somme aliijua kwa mwili wake.

Alizaliwa tarehe 7 Januari 1896 katika mji wa Bath, magharibi ya Uingereza, mtoto pekee wa baba aliyekuwa na duka la viatu na aliyefundisha vijana mazoezi ya viungo na ngumi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Bristol, akaigiza huko, kisha akashika chaki kwa muda mfupi katika shule moja ya mji huo. Vita vilipoanza Agosti 1914 alijitokeza kwa hiari pamoja na vijana wengine, lakini daktari akamrudisha nyumbani kwa sababu ya kidole cha mguu kilichopinda. Askari yeyote atakubali kwamba mguu ni jambo la kwanza kutazamwa kwa mtu atakayekwenda kilomita nyingi na mzigo mgongoni. Mwaka uliofuata, majeshi yalipokwisha kupungukiwa na watu, macho ya madaktari hayakuwa makali tena, na Desemba 1915 kidole kile kile hakikumzuia mtu. Aliandikishwa askari wa miguu katika kikosi cha Somerset.

Habari za Somme zimeandikwa mno, na hapa haifai kuzirudia zote. Yatosha kusema kwamba katika siku ya kwanza pekee, tarehe 1 Julai 1916, Waingereza zaidi ya 19,000 waliuawa, na mapigano yaliendelea hadi Novemba. Ridley alieleza uzeeni kwamba askari wa wakati ule hakujiuliza kama atauawa, alijiuliza lini. Mwezi Septemba, karibu na kijiji cha Gueudecourt, aliingia katika handaki la Wajerumani na kukutana na adui uso kwa uso. Alipigwa kitako cha bunduki kichwani. Alichomwa singe kwenye kinena. Singe nyingine ilikata mishipa ya mkono wake wa kushoto, na mkono huo haukurudi tena kuwa mkono wa kufanyia kazi. Kichwa kiliendelea kumsumbua kwa miaka mingi: mara aanguke na kuzimia, mara aamke usiku akitokwa na jasho kwa ndoto mbaya.

Alitolewa jeshini akiwa koplo usu, baada ya kupasuliwa mkono mara nyingi. Lipo tukio alilolisimulia ambalo huenda likawachoma baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu. Katika baraza la madaktari wa jeshi, mkubwa wa baraza aliutazama ule mkono na kumwuliza kama jeraha lile lilitokana na kisu cha mfukoni. Yaani kama alijikata mwenyewe ili arudishwe nyumbani. Ridley akajibu kwa kejeli kwamba ndivyo, na kwamba ili kuhakikisha mambo alijivunja na fuvu kwa kitako cha bunduki, kisha akajichoma singe.

Hakupata nafasi ya kujibu hivyo alipokutana na tusi la pili. Siku hizo wako wanawake waliotembea barabarani wakiwagawia vijana waliovaa nguo za kiraia unyoya mweupe, alama ya mwoga aliyejificha nyuma ilhali wenziwe wanakufa. Mmoja wao alimkabidhi Ridley unyoya huo. Serikali ilikuwa imewapa majeruhi waliotolewa jeshini beji ya fedha ya kuvaa kifuani, kusudi wasifanyiwe jambo kama hilo. Ridley alikuwa nayo, ila aliiweka mfukoni, kwa kuwa hakupenda kujitangaza kuwa ni askari aliyejeruhiwa. Angeweza kuitoa. Angeweza kuvua glavu na kuuonyesha mkono. Aliupokea ule unyoya, akaenda zake bila kusema neno.

Mwaka 1918 aliingia katika kikundi cha maigizo cha Birmingham, akacheza sehemu nyingi katika muda wa miaka miwili, halafu akahamia Plymouth. Lakini mwili ulimgomea. Majeraha yakaamka, akalazimika kuacha jukwaa na kurudi Bath kumsaidia baba yake dukani kupima watu viatu. Kwa kijana aliyekwisha kuonja makofi ya ukumbini, hapakuwa mahali pa kupendeza. Lakini ni wakati huo ndipo alipoanza kutunga michezo.

Bahati yake ilitokea njiani. Safari moja alikwama kwa saa kadhaa katika stesheni ya Mangotsfield, karibu na Bristol. Stesheni ilikuwa tupu, na kwa jinsi reli zilivyopinda mahali pale, treni za haraka zilizopita njia ya pembeni zilisikika kana kwamba zinaingia stesheni, mshindo ukavuma na kupita, na macho yasione kitu. Kutokana na kero hiyo akatunga The Ghost Train, yaani Treni ya Mzuka: abiria wamekwama usiku katika stesheni ya mbali, mkuu wa stesheni anawasimulia habari za treni ya wafu, na hatimaye inafumbuliwa kwamba mzuka huo ni magendo ya watu walio hai. Mchezo ulipanda jukwaani London mwaka 1925, ukachezwa zaidi ya mara 600, ukatengenezwa kuwa sinema zaidi ya mara moja, na vikundi vya ridhaa vikaendelea kuuigiza mashuleni na vijijini kwa miaka mingi.

Hapo mtu angetazamia kusoma kwamba Bwana Ridley akatajirika, akastarehe. Fedha alipata, ndiyo. Aliandika michezo mingine zaidi ya 30, mmoja baada ya mwingine, lakini hakuna uliofikia ile treni. Katika miaka ya 1930 akajiingiza katika biashara ya kutengeneza sinema, na biashara hiyo ilipoanguka ilimwachia madeni yaliyomwandama muda mrefu. Watungaji wengi wamepotelea katika njia hiyo: mtu anajua kuandika, anadhani basi anajua na hesabu za kampuni.

Mwaka 1939, akiwa na miaka 43, mkono wa kushoto ukiwa vile vile na kichwa vile vile, Arnold Ridley alirudi jeshini. Hakuna aliyemlazimisha. Alipewa cheo cha afisa na kazi ya kuwaongoza waandishi wa habari waliotembelea mstari wa mbele huko Ufaransa. Alipokanyaga gati la Cherbourg, ile hali aliyodhani ameizika mwaka 1916 ilimrudia katika muda wa saa chache tu. Siku hizo waliiita mshtuko wa mizinga. Alieleza baadaye kwamba huenda wenzake hawakuona dalili yoyote usoni pake. Mateso yalikuwa ya ndani, mfano wa ndoto mbaya iliyogeuzwa, inayomjia mtu akiwa macho.

Jambo hili linafahamika katika nyumba nyingi za askari, hata pale lisipopewa jina. Baba anarudi, anakula, anaongea na watoto, anakwenda kazini. Mlango ukibamizwa usiku, mama peke yake ndiye anayejua kilichotokea. Ridley alifanya kazi yake kwa miezi kadhaa akiwa katika hali hiyo. Mei 1940 Wajerumani walipouzingira mji wa Boulogne, aliondoka humo katika manowari Vimiera, chombo cha mwisho cha Waingereza kutoka katika bandari ile, kikiwa kimeshehenezwa watu mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Tarehe 1 Juni aliacha jeshi kwa sababu ya afya.

Wengine wangesema yatosha. Yeye alijiandikisha katika mgambo wa mtaani kwake, Caterham, kusini ya London, na pia akazunguka nchi na vikundi vya maigizo vilivyowatumbuiza majeshi. Mgambo huo ndio ule uliokuja kuchekwa katika televisheni. Ulianzishwa kwa tangazo la redio tarehe 14 Mei 1940, ukiwaita wanaume wa umri wa miaka 17 hadi 65, na mwanzoni wengi walilinda pwani na madaraja kwa bunduki za kuwindia, na wengine kwa marungu. Ulisimamishwa kazi Desemba 1944, bila kupata ule mpambano na adui atokaye baharini ambao ulikuwa umeandaliwa kwa ajili yake.

Baada ya vita Ridley aliishi maisha ya mwigizaji wa kawaida, ambayo ni maisha ya kungoja simu ilie. Mke wake, Althea Parker, alikuwa naye mwigizaji, na walijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Alitunga, akaelekeza michezo, akasikika katika mchezo wa mfululizo wa redio uitwao The Archers. Raga, mchezo aliouhusudu toka ujana na ambao mkono wake ulimnyima, aliutumikia kwa njia nyingine: tangu 1950 hadi 1952 alikuwa rais wa klabu ya Bath. Ni vyema hili likumbukwe na wale waliodhani kwamba Ridley na Godfrey ni mtu mmoja.

Ndipo mwaka 1968 Jimmy Perry na David Croft walipokuwa wakitafuta watu wa mchezo wao mpya. Perry mwenyewe alikuwa kijana wa mgambo mjini Watford wakati wa vita, na kichekesho hicho alikitoa katika kumbukumbu zake. Croft alipomwita Ridley, aliyekuwa na miaka 72, alisita kidogo. Alimwonya kwamba kazi ile ina kukimbiakimbia, na kwamba hataweza kumwepusha nako. Ridley akajibu kwamba ataweza. Ukweli ni kwamba hakuweza sana. Wenzake walimshika mkono penye utelezi na kumsukuma kupanda lile gari la mwuza nyama lililobeba kikosi, na watungaji, kwa busara, wakaugeuza unyonge wake kuwa sehemu ya mchezo.

Watu waliokuwa pembeni yake si haba. Arthur Lowe, aliyekuwa Kapteni Mainwaring, alitumikia jeshi Mashariki ya Kati. John Le Mesurier, aliyeigiza Sajini Wilson, alikuwa kapteni kweli, akatumikia India. Clive Dunn, aliyepakwa rangi za uso ili aonekane kizee, alikuwa na miaka 48 tu, naye alitekwa na Wajerumani huko Ugiriki na kukaa mateka Austria miaka minne. John Laurie alipigana katika vita vile vile vya kwanza alivyopigana Ridley. Inawezekana hii ndiyo sababu mzaha wa Dad's Army haukuwahi kunuka dharau kwa askari. Katika mchezo, Kapteni Mainwaring ndiye anayejivunia ushujaa kuliko wote, naye alifika Ufaransa mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha. Utani kama huo hautungwi na watu waliosoma vita gazetini.

Sehemu za nje zilipigwa filamu Thetford, mkoa wa Norfolk, na zile za ndani zilifanyiwa mazoezi kisha kurekodiwa studio jioni moja, watazamaji wakiwa wamekaa pale pale. Kicheko kilichosikika kilikuwa cha watu hao. Mwigizaji wa vichekesho vya namna hii hana nafasi ya kujificha. Akikosea pumzi tu, utani umekufa. Ridley hakupewa maneno mengi. Katika vipindi vingi alikuwa na sentensi chache, lakini alizingoja kwa utulivu, akazitamka kama mtu anayeomba radhi kwa kuwasumbua wenyeji, na ukumbi ukacheka. Katika baadhi ya vipindi watazamaji walizidi milioni 18. Mzee aliyewahi kusahauliwa akawa hawezi kwenda dukani bila kuitwa Godfrey.

Ajabu ya kipindi kile cha Novemba 1969 ni kwamba kilimtaka Ridley aigize mtu aliyekataa kupigana, yeye aliyekwenda vitani mara mbili; na kumtia katika aibu ile ile aliyotiwa barabarani. Hakuna ushahidi kwamba watungaji waliukusudia mfanano huo, wala Ridley hakuwa mtu wa kuwasimulia wenzake habari za singe wakati wa chai. Lakini mtu akikitazama tena kipindi hicho akijua aliyoyapitia, hatazami mchezo ule ule. Godfrey anapopewa kisogo, hajitetei. Hasemi lolote kuhusu nishani. Analiacha neno la wenzake lipite. Waigizaji wengi wangelia hapo, au wangetetemesha sauti. Ridley hakufanya hata kimoja. Alionekana tu kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya wale wanaomdharau.

Mchezo huo ulidumu kwa vipindi 80. Ulipelekwa pia jukwaani London, na Januari 1976 Ridley alitimiza miaka 80 akiwa bado anapanda jukwaa hilo. Kipindi cha mwisho kilionyeshwa tarehe 13 Novemba 1977. Mwaka 1982 Malkia alimtunuku heshima ya OBE kwa utumishi wake katika michezo ya kuigiza. Nishani za vita alikuwa nazo toka zamani, zile walizopewa wote waliokuwako. Alifariki tarehe 12 Machi 1984, akiwa mkazi wa nyumba ya kutunzia waigizaji wazee ya Denville Hall, pembezoni mwa London, na umri wa miaka 88. Majivu yake yalirudishwa Bath na kuzikwa katika kaburi la wazazi wake.

Mwanawe, Nicolas, aliandika kitabu juu yake mwaka 2009 na kukiita Godfrey's Ghost, Mzuka wa Godfrey. Ridley mwenyewe alikuwa ameandika kumbukumbu za maisha yake kwa mkono ule mmoja uliobaki mzima. Hazikuchapwa wakati wa uhai wake, na jina alilozipa lilitaja ile treni na mizuka mingine.